Bei ya Kununulia Si Gharama Yote: Nauli na Ushuru wa Forodha katika Duka la Mlimani

Mnunuzi wa Lushoto akikuta chupa ya chai inauzwa ghali kuliko Tanga mjini, huweza kudhani kwamba mwenye duka anamnyonya. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Jibu limo katika hesabu ya gharama, ambayo mwenye duka hana budi kuijua na mnunuzi anafaa kuielewa.

Gharama ya bidhaa ni fedha zote zilizotumika hadi ikafika dukani tayari kuuzwa: bei ya kununulia, nauli ya meli na ya lori, bima, ushuru wa forodha, hata ujira wa wapakuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ameagiza China chupa 200 kupitia bandari ya Tanga, kila moja shilingi 10,000. Mzigo umegharimu 2,000,000. Nauli ya meli na bima 200,000. Forodha haitozi ushuru juu ya bei ya muuzaji peke yake, bali juu ya 2,200,000 zote. Tukichukulia kwamba bidhaa imo katika kiwango cha asilimia 25 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru ni 550,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, huhesabiwa baada ya ushuru kujumlishwa, nayo ni 495,000. Tuseme ada zilizobaki, wakala, na lori la kupandisha mzigo kupitia Mombo na Soni ni 255,000. Jumla ni 3,500,000, yaani 17,500 kwa chupa. Anayeuza kwa 15,000 akiamini anapata faida ya 5,000, kwa hakika anapoteza 2,500 kila mara mteja anapotoka na chupa, na mtaji wake unakwisha huku duka likionekana kuchangamka.

Aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hapaswi kuiingiza kodi hiyo katika gharama, kwa kuwa huidai katika ritani zake. Kwake chupa imegharimu 15,025.

Wengi, hata hivyo, hawaagizi ng'ambo. Hununua kwa jumla Kariakoo. Hapo ushuru umekwisha kuingia katika bei ya jumla. Mwenye duka anayeuongeza mara ya pili anamtoza mteja kitu ambacho yeye mwenyewe hakukilipa kando. Anachostahili kuongeza ni nauli na upakiaji. Vivyo hivyo, bidhaa iliyozalishwa Kenya na kupitishwa Horohoro ikiwa na cheti cha uasilia haitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zinabaki. Mnunuzi akiambiwa kwamba bei imepandishwa na ushuru huo, ana haki ya kuuliza ni ushuru upi.

Lori likibeba bidhaa mchanganyiko, nauli igawanywe kwa uzito au kwa nafasi, si kwa idadi ya katoni. Katoni ya viberiti haiwezi kubeba nauli sawa na ya sabuni. Na bidhaa ambazo hazijauzwa mwisho wa mwaka hubaki na sehemu yao ya nauli na ushuru. Isihesabiwe kuwa matumizi mpaka ziuzwe.

Nauli ya kumpelekea mteja mzigo Mlalo au Mtae haimo humu. Hiyo ni gharama ya kuuza, iandikwe mahali pake.