Mashine ya Kukaushia Nguo Inapokosa Moto

Kila baridi inapoingia hapa Marekani, huulizwa swali lile lile na nyumba zaidi ya moja: "Mwalimu, mashine ya kukaushia nguo inazunguka, lakini nguo zatoka na maji yake. Tununue nyingine?" Jibu langu ni kuwa msiharakishe kutoa pesa. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokatika ni waya wake wa moto.

Waya huo umesokotwa kama springi, nao ni mchanganyiko wa nikeli na kromu. Mashine za umeme za hapa hupokea volti 240 kwa njia mbili, lakini mota kwa kawaida hutumia njia moja tu, yenye volti 120. Ndiyo sababu pipa huweza kuzunguka hali moto haupo. Basi tazameni kwanza sanduku la fyuzi au swichi za nyumba. Njia moja ikiwa imekatika huko, waya hauna kosa.

Ikiwa umeme unafika, chomoeni plagi kabla ya kushika bisibisi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Toeni nyaya zinazoingia kwenye waya wa moto, kisha mpimeni kwa kipima umeme. Waya wa wati 5,400 huonyesha karibu ohmu 11. Ikiwa umeme haupiti kabisa, umekatika. Msiufunge kwa kuusokota. Kiungo hicho hupata moto kupita kiasi, kikakatika tena. Nunueni mpya kwa nambari ya modeli iliyobandikwa kwenye mashine.

Lakini waya mara nyingi haukatiki bure. Manyoya ya nguo yakiziba chujio na bomba, hewa ya moto haina pa kutokea. Hapo fyuzi ya joto hukatika makusudi, nyumba isije ikaungua. Wako vijana wetu hodari wanaoiruka kwa kipande cha waya. Moto hurudi siku hiyo hiyo, nao wakajisifu. Wajue kuwa wamemfukuza mlinzi na watoto wamelala ndani.

Safisheni chujio kila mkaushapo, na bomba walau mara moja kwa mwaka. Msiwashe mashine mkaenda kulala. Asiyejua umeme amwite fundi, wala si aibu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku ugenini mimi naongeza, usipozibua bomba utajenga nyumba.