Senti Kumi ya Mfalme Edward

Ndugu msomaji, kama unalo nyumbani kopo la sarafu za zamani, nakusihi usilipeleke kwa mnunuzi kabla hujasoma haya. Mimi nilikosea, na kosa langu lilimtia hasara mama mjane wa hapa kwetu Ilula.

Alikuja ofisi ya parokia baada ya Misa ya asubuhi, akafungua fundo la kanga. "Kamwene, mwanangu. Wewe umesoma, hebu niangalizie hizi." Zilikuwamo heller chache za Mdachi, thumni mbili, na senti kumi moja yenye tundu, ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Dereva mmoja wa lori la nyanya alikuwa amemwambia kwamba sarafu za mfalme yule ni mali kubwa.

Nilikuwa na kitabu kimoja tu, Coins of England and the United Kingdom, tulichoachiwa na mgeni. Nikakifungua. Naam, bei za sarafu za Edward wa Nane zilikuwa za kutisha. Mfalme huyo aliacha kiti cha enzi Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikupata kutolewa kwa watu. Moja ya dhahabu yenye kichwa chake iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Nikamwambia mama amshukuru Mungu. Wiki ile ile akachukua mabati kwa mkopo.

Sasa ona nilipoteleza. Kitabu kile ni cha sarafu za Uingereza yenyewe; zetu hazimo. Zetu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Senti tano na senti kumi za 1936 zilitoka kwa jina la Edward kwa sababu nyepesi kabisa: sarafu yenye tundu katikati haina nafasi ya kichwa cha mfalme, basi haikungoja picha yake. Zikatengenezwa kwa wingi, babu zetu wakazinunulia chumvi, na leo bei yake ni ndogo. Mfalme ni adimu. Senti yake si adimu hata kidogo.

Kitabu kitufaacho ni Standard Catalog of World Coins cha Krause na Mishler, juzuu ya miaka 1901 hadi 2000. Humo tafuta East Africa, si Kenya wala Tanzania. Chini ya Tanzania utakuta zile zilizoanza 1966 tu, zenye kichwa cha Mwalimu. Heller zimo chini ya German East Africa, pamoja na zile zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Nakala kuukuu isikutishe. Bei huzeeka, lakini picha, madini, uzito na miaka havizeeki. Kitakuonyesha pia herufi ndogo kama H, KN, SA au I, zitajazo mahali sarafu ilipopigwa, ambazo huenda zikageuza bei. Pridmore aliandika vitabu vya heshima juu ya sarafu za Jumuiya ya Madola kuanzia 1960, lakini juzuu zake ni za Ulaya, Asia, West Indies na India. Afrika hakuifikia, kwa hiyo usipoteze fedha yako huko. Asomaye Kijerumani atamwona Jaeger ni hodari kwa heller.

Halafu kuna hali ya sarafu, na hapa niliteleza mara ya pili: nilisoma safu ya bei ya mwisho, ya sarafu isiyopata kupita mikononi. Herufi F yatokana na neno lenye maana ya "nzuri", kumbe sarafu hiyo imechakaa sana! VF ina nafuu, XF ni bora zaidi. Kitabu cha Derek Francis Allen, The Standard Guide to Grading British Coins, kina picha za kila ngazi. Nacho ni cha Uingereza, lakini kinalifundisha jicho. Kwa shilingi ya simba tazama manyoya ya shingo. Kwa senti za tundu tazama taji na pembe za ndovu. Ukisita kati ya ngazi mbili, shika ya chini, maana mnunuzi naye atashika hiyo hiyo.

Wala usizisugue. Mama alikuwa amezisugua zote kwa majivu na limau, zikang'aa kama sufuria ya harusi. Watoza sarafu hawataki mng'ao huo hata bure.

Nilipojua ukweli nilikwenda kwake jioni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na mabati, mwanangu?" Tulikwenda pamoja kwa mwenye duka. Alikubali kungoja mavuno ya nyanya, nami nalipa mabati manne katika mshahara wangu. Senti ile imerudi kwenye fundo la kanga.