Hujafungwa Nyota, Umemaliza Orodha

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Kijana wa Makorora, hapa Tanga, ananiandikia kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Niko Badoo na Tinder mwaka mzima, kila nikimsalimia mtu ananikaushia. Je, nyota yangu imefunikwa? Unamjua mtaalamu wa kuisafisha?" Wa Mwanza na Dodoma hawana hata salamu. Wanataka namba ya "mzee wa Tanga" mwenye dawa ya mvuto. Mimi ni mshauri nasaha, nimesomea saikolojia. Namba za waganga sigawi, na leo naeleza sababu ili nisiulizwe tena.

Tuanze na kanuni za mganga mwenyewe. Anayepiga falaki hutaka jina la mlengwa na jina la mama yake, herufi azigeuze tarakimu, ndipo nyota ipatikane. Wewe umempelekea nini? "Sweet Naa, 24." Jina si lake, umri huenda si wake, picha pengine ni ya msanii wa Lagos, na mama yake humjui wala hutamjua. Mganga anayeiheshimu fani yake angekurudisha kutoka mlangoni. Huyu wa Facebook hakurudishi. Anataka elfu thelathini ya ubani, kisha kuku mweusi, kisha jini amegoma, lazima atulizwe kwa laki na nusu. Na usishangae ukigundua kwamba mzee huyo wa Tanga hajawahi kukanyaga hata stendi ya Kange. Jina la mji wetu linauza, basi.

"Mbona mwenzangu ilimsaidia?" Sikiliza masharti aliyopewa: oga maji ya mawaridi, vaa nguo safi, usimtumie ujumbe siku saba. Mtu aliyekuwa akituma "mambo", "umelala?" na "mbona kimya?" kila baada ya saa moja, kanyamaza wiki nzima! Upande wa pili umepumua, ukauliza kulikoni. Kilichofanya kazi ni kule kunyamaza, nako kungepatikana bure. Waliofuata masharti hayo hayo wasijibiwe hawatoi ushuhuda popote, wanaona haya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe. Muulize huyo wako namba ya usajili, uone atakavyokufungia.

Sasa hicho unachokiita nyota kufunikwa: ni orodha imekuishia. Programu hizi za kutafuta wapenzi hupima umbali kwa mstari ulionyooka. Ukiwa Ngamiani ukaweka kilomita 100, karibu nusu ya duara lako ni Bahari ya Hindi. Chake Chake imo, haifiki hata kilomita 80, ila boti ya Pemba haiondoki kila siku. Mombasa iko nje, Unguja Mjini nje, Dar es Salaam nje kabisa. Umebaki na jiji ambalo sensa ya 2022 haikulifikisha watu laki nne, vichanga na vikongwe wakiwemo, pamoja na Muheza, Pangani, Mkinga na majirani zao. Toa walioolewa, toa wasio na simu janja, toa wanaoogopa kuonwa na shangazi. Jioni chache za kutelezesha kidole zinatosha kuwamaliza waliosalia.

Wala usiilipie programu ukidhani kompyuta inakujua kuliko mganga. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Samantha Joel na wenzake waliilisha kompyuta majibu ya vipimo zaidi ya 100 vya tabia na matakwa ya watu, wakaitaka itabiri nani atamtamani nani wakikutanishwa kwa dakika chache. Ilibahatisha kiasi nani hupendwa na wengi, na nani ni mwepesi wa kupenda. Kwamba huyu atamtaka yule hasa, ilishindwa.

Basi, haraka, nafasi inaniishia. Picha ya mchana, uso wako mwenyewe, bila gari la jirani. Andika kitu cha kuulizika: unavua pweza, unaimba kaswida, unaishangilia Coastal Union hata ikifungwa. Ukiwa tayari kusafiri, sogeza umbali hadi kilomita 150, Mombasa na Unguja Mjini zitaingia. Ndani ya wiki ya kwanza muonane kwa simu ya video. Anayekataa kila mara, mwache. Kutaneni mapema, mchana, penye watu, Bustani ya Jamhuri kwa mfano, na rafiki yako ajue uliko. Wanaume, msitume nauli kwa mtu msiyewahi kuonana naye. Ikiliwa, msije kwangu kusema mmerogwa. Mabinti, asiyepokea simu usiku wala Jumapili ana mke, msinisumbue kwa ndoto. Programu haina mshenga, kwa hiyo ulizieni wenyewe mtaani kwao, hapakosi mtu anayeujua ukoo wake. Na ukiombwa hela ya kutolea mzigo uliokwama bandarini, usijibu. Upeleke ujumbe huo kwenye namba ya kuripoti utapeli, 15040.