Pumzi ya Mwimbaji, Miguu ya Mchezaji

Ukibahatika kufika kwenye ngoma ya Wabarabaig chini ya Mlima Hanang, Tanzania, tazama nani anaruka na nani anaimba. Vijana wa kiume huruka wima, mwili umenyooka kama mkuki, na wimbo hubebwa zaidi na wasichana na wanawake. Anayeruka hana pumzi ya kushika wimbo mrefu, na anayeimba anahitaji kifua kilichotulia. Mgawanyo huu wa kazi ndio unaomkosesha usingizi mwongozaji wa opera.

Opera ni tamthilia inayoimbwa, na ndani yake muda hauchezewi. Mtunzi wa muziki ameshaandika kwa nota mhusika alie lini na kilio chake kichukue muda gani, na kiongozi wa okestra yupo kuulinda muda huo. Yaliyobaki ni mzigo wa mwongozaji wa jukwaa: nani aingie na kwa upande gani, kwaya isimame wapi, mfalme aimbe akiwa amesimama au amepiga magoti. Mbunifu wa uchezaji naye hupanga hatua, mikono na migongo. Mara nyingine kazi hizo mbili hushikwa na mtu mmoja, na hapo pumzi huwa hesabu ya kila siku ya mazoezi. Mwimbaji wa opera hupaza sauti juu ya okestra nzima, kwa kawaida bila kipaza sauti. Mrushe mara tatu kabla ya nota ya juu, umemharibia.

Pina Bausch wa Ujerumani alilitatua jambo hili kwa ujasiri. Mwaka 1975, mjini Wuppertal, aliongoza opera ya Gluck kuhusu Orpheus na Eurydike, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1762. Kila mhusika mkuu alimpa watu wawili, mmoja wa kuimba na mwingine wa kucheza, wote jukwaani kwa pamoja. Mzee wa Katesh, mji ulio chini ya Hanang, angeielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Afrika Mashariki na Kati ina mtu aliyeifikia kazi hii ya kuunganisha uimbaji na uchezaji kwa njia yake mwenyewe. Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, karibu na Kisangani, Kongo, mji ambamo Kiswahili na Kilingala hukutana sokoni. Aliishi Nairobi kwa muda, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la Gàara. Mwaka 2001 alifungua Studios Kabako mjini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani. Watu wengi wenye kipawa kama chake huhamia Ulaya moja kwa moja. Yeye aliirudisha kazi nyumbani, kwenye mji uliochakazwa na vita, na kwangu uamuzi huo una uzito kuliko tuzo.

Mwaka 2006 Vienna iliadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart. Peter Sellars, mwongozaji wa opera kutoka Marekani, aliandaa tamasha la maadhimisho hayo na kumwalika Linyekula. Mkongomani huyo alikuja na Dinozord, kazi iliyouweka muziki wa maombolezo wa Mozart kando ya wafu wa Kongo ambao hawakuombolezwa ipasavyo. Humo aliimba Serge Kakudji, kijana wa Katanga mwenye sauti ya kiume ya juu sana, ile ambayo opera za kale za Ulaya huipenda. Baadaye, mwaka 2014, Kakudji alikuwa kiini cha Coup fatal, kazi aliyoiongoza Alain Platel wa Ubelgiji, ambamo nyimbo za opera za kale zilipigwa na wanamuziki wa Kinshasa.

Uganda ilikuwa imeitangulia Kongo. Mwaka 1971 Byron Kawadwa alitoa Oluyimba lwa Wankoko, tamthilia ya kuimbwa kwa Kiganda, na mwanamuziki Wassanyi Serukenya akiwa mwenzake wa karibu katika kazi hizo. Kawadwa aliongoza pia Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Kampala. Mwaka 1977 kazi hiyo ilipelekwa kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, Lagos. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimkamata na kumuua.

Turudi Tanzania, safari hii Mbulu, jirani na Hanang. Wairaqw wana slufay, sala ya baraka inayosemwa kwa mashairi. Mzee mmoja hutangulia, waliohudhuria huitikia, na kila kiitikio humpa mzee nafasi ya kuvuta pumzi na kukumbuka mstari unaofuata. Opera hufanya vivyo hivyo kwa mwimbaji mmoja na kwaya. Na Wairaqw hawako peke yao huko. Tamasha la utamaduni la Haydom, huko huko Mbulu, hukutanisha watu wa asili nne za lugha: Kikushi cha Wairaqw, Kiniloti cha Wadatoga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, Kibantu cha Wanyisanzu na majirani zao, na lugha ya Wahadzabe yenye vidoko.

Lakini kwenye sherehe zetu nyingi, ngoma ya duara hunyooshwa iwe mstari ili imkabili mgeni rasmi, na dakika chache baadaye kundi linaombwa lipishe. Mwongozaji aliyefunzwa angewasogeza watazamaji wauzunguke uwanja, akaiacha duara ilivyo.

Kijana wa huku, wa Dongobesh au Basotu, anayetamani kazi ya uongozaji anaweza kuanzia Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Kabla ya kupanda basi, aketi kwanza na mzee anayejua slufay na mama anayeongoza nyimbo za ngoma, awaulize wanavuta pumzi wapi, na aandike majibu yao.