Tura: Tusiutue Njiani Mzigo wa Historia

Ndugu Waislamu, msafiri wa Reli ya Kati atokaye Manyoni kwenda Tabora hupita stesheni ya Tura, na mara nyingi huipita akiwa usingizini. Watu wa misafara hawakuipita hivyo. Walifika Tura wakiwa wametoka kuvuka Mgunda Mkali, pori la kiu na njaa, na hapo ndipo walipoingia Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, alieleza kuwa jina hilo ni amri ya kutua mzigo. Na mzigo ulikuwa mzito: mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32, siku baada ya siku. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, mahodari wa kazi yao, waliosafiri kwa ujira.

Tunalikumbusha hili kwa sababu wengi wetu tukisikia neno makumbusho hudhani ni nyumba ya mifupa tu. Ni kweli, nchi yetu imejaaliwa mifupa mashuhuri. Fuvu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978 zimewashangaza wataalamu wa dunia nzima. Lakini si kila ugunduzi hutoka ardhini. Mwingine umo ndani ya sanduku la bibi.

Nyumba ya Kwihara

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, pale Kwihara, lipo tembe linaloitwa la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Kwa jina hilo familia nyingi za Kiislamu hudhani halizihusu. Si hivyo. Tembe hilo lilikuwa la Waarabu wa Unyanyembe. Stanley alikaribishwa humo Juni 1871, na Livingstone akaishi humo mwaka 1872 hadi alipoondoka mwezi Agosti. Alipofariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba. Walipofika Kwihara Oktoba mwaka huo, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapo. Walikataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Dunia ililikumbuka jina la maiti kuliko majina ya waliombeba. Ni nani wa kuyakumbuka, kama si sisi watu wa njia ile?

Ukweli mchungu

Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikavitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tura haimo. Wako miongoni mwetu wanaochukizwa na habari hizi, kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara wale walikuwa Waislamu. Sisi tunasema: Muislamu ameamrishwa kusimamia uadilifu hata kama ushahidi unaielemea nafsi yake au jamaa zake. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyeitenda alikuwa akisali. Tukinyamaza, wengine watasimulia habari zetu watakavyo, na watoto wetu watajifunza ama chuki ama aibu, bila elimu.

Wajibu wa familia

Tunaijua nyumba moja ambamo, baada ya arubaini ya mzee, karatasi zake zilichomwa moto. Zilikuwa barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na vijana wakaona heri kuziteketeza kuliko kuziacha zitupwe ovyo. Nia ilikuwa njema, lakini hasara ilikuwa kubwa. Huenda mlikuwamo hesabu za pembe, majina ya wapagazi, au wosia wa kumwacha mtumwa huru. Hatutajua kamwe.

Basi kabla ya kuchoma, muulizeni anayezisoma hati hizo. Walimu wa madrasa bado wapo. Kisha zipelekeni nakala makumbusho au nyaraka za taifa. Msiuze milango ya nakshi: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda ile iliyochongwa kabla ya 1940. Wapelekeni watoto Kwihara siku ya mapumziko, nao wenye makumbusho wasingoje wageni kutoka nje tu. Waje misikitini na madrasa, wawasikilize wazee.

Mpagazi aliutua mzigo Tura ili apumzike, kisha akajitwika tena na kuendelea. Mzigo tulioachiwa sisi ni amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe. Wenyewe ni wajukuu zetu.

Wabillahi tawfiq.