Kupakua Masomo: Istilahi za Elimu ya Mtandaoni Zitazamwapo Kutoka Kigoma

Madhumuni ya makala hii ni kuyachungua baadhi ya maneno yatumikayo leo katika masomo ya vyuo yatolewayo kwa njia ya mtandao, na kuona ni yapi yanayomsaidia mwanafunzi na ni yapi yanayomkwamisha. Mifano mingi nimeichukua Kigoma na Ujiji, pamoja na vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nimefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mwanafunzi wa huko yu mbali na maktaba kubwa, hivyo maandiko yanayosomwa katika kompyuta au simu yana thamani kwake kuliko kwa mwenzake wa Dar es Salaam. Pili, Kiswahili kina wenyeji wa zamani mahali hapo, tangu siku za misafara ya karne ya 19, na wakati huohuo ni mpakani. Ng'ambo ya maji ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na katika nchi hizo mbili elimu ya juu imejengwa juu ya Kifaransa. Sababu hii ya pili nitairejea baadaye.

Elimu ya kumfuata mwanafunzi alipo si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970 ilikuwako elimu kwa njia ya posta, na bahasha za masomo zilikwenda Kigoma kwa reli ileile iliyofika ziwani mwaka 1914. Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kikaweka vituo mikoani, Kigoma ikiwamo. Wakati huo somo lilikuwa kitabu kilichopigwa chapa, na istilahi zilizohitajika zilikuwa chache: kozi, moduli, zoezi, mtihani, kitini. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, walimu wengi walijikuta wanahitaji kwa ghafla maneno ambayo hawakuwa wamekaa kuyafikiri. Maneno yaliyookotwa kwa haraka ndiyo tunayoishi nayo sasa.

Nianze na jozi ambayo kwa maoni yangu imefanikiwa kupita zote, yaani kupakia na kupakua. Mtu yeyote aliyesimama katika gati la Kigoma anayafahamu maneno haya. Mzigo hupakiwa melini, mzigo hupakuliwa melini. Kwa miongo mingi meli ya Liemba ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikaisogelea, na wachukuzi wakapakia na kupakua majini. Kisarufi maneno haya ni mazuri kwa kuwa la pili ni kauli ya kutendua ya la kwanza, kama vile funga na fungua, au ziba na zibua. Anayelijua moja amekwisha kulijua la pili.

Wapo wanaouliza: je, mwanafunzi atajuaje upande? Jibu limo katika maneno yenyewe. Yote mawili hutazama chombo. Mtandao ndio meli, na mwanafunzi yuko gatini. Anapopeleka zoezi lake anapakia, anapopokea kitabu anapakua. Sijapata kumsikia mtu wa Kigoma akiyachanganya.

Hata hivyo kuna kasoro mbili. Moja ni ndogo. Kupakua ni pia kutoa chakula chunguni, na chungu kikipakuliwa hupungua. Kitabu cha mtandaoni hakipungui hata kikipakuliwa na watu elfu moja, kwa sababu kinachotoka ni nakala. Kasoro hii haina madhara, na maana ya istilahi si lazima ifuate kila sifa ya neno mama. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Katika simu na programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ukurasa unapochelewa kufunguka huandikwa neno "inapakia". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kupakia ni kupeleka, sasa anaambiwa na simu yake kwamba inapakia, ilhali yeye hajapeleka kitu, bali anangoja kuletewa. Neno moja limebebeshwa dhana mbili zinazokwenda pande mbili. Ningependekeza kupakia kubaki katika kazi ya kupeleka, na kwa ukurasa tuseme "inafunguka", neno ambalo kila mtu hulitumia kwa mlango.

Neno baya kwa mahali pake linaweza kumgharimu mtu mwaka. Nilipokuwa Ujiji nilikutana na binti mmoja, mwanafunzi wa stashahada katika chuo ambacho sitakitaja. Baada ya kuniamkia alinieleza kwamba alikuwa amepewa sifuri katika zoezi aliloliandika kwa siku tatu. Maneno yote katika ukurasa wa chuo yalikuwa ya Kiingereza. Alipomaliza kuandika alikibonyeza kitufe chenye neno ambalo, kwa Kiingereza alichofundishwa shuleni, lina maana ya kuokoa. "Mzee wangu," akasema, "nilijua kazi yangu imeokoka." Kumbe ilikuwa imewekwa tu mahali pake, na kitufe cha kuipeleka kwa mwalimu kilikuwa chini zaidi, hakukiona. Muda ukapita.

Tunayo maneno ambayo yangemwokoa yeye mwenyewe. Hifadhi ni kuweka kitu kisipotee, wala hakuna asikiaye "hifadhi" akadhani kitu kimekwenda mahali. Wasilisha limetokana na wasili, nalo lasema waziwazi kwamba kitu hakina budi kufika kwa mwenyewe. Mwanafunzi aliyeona kitufe cha "hifadhi" na kitufe cha "wasilisha" hahitaji kuelezwa zaidi. Tena programu za kuendeshea masomo, kama vile Moodle ambayo vyuo vyetu kadhaa huitumia, huruhusu maneno ya vitufe yawekwe katika lugha nyingine bila kuyagusa masomo yaliyomo. Kwa hiyo, hata pale ambapo sheria ya chuo yataka mhadhara uwe kwa Kiingereza, vitufe vyaweza kuwa vya Kiswahili kuanzia kesho. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na una wenyewe, lakini huu wa vitufe hauna haja ya kuungoja ule uishe.

Hapa ndipo ile sababu ya mpaka inapoingia. Kuna wasemao kwamba tusijisumbue, tuyachukue maneno ya Kiingereza na kuyatia irabu mwishoni. Njia hiyo ni halali, nayo imetupa kompyuta, programu na intaneti, maneno ambayo hayatatoka tena. (Tarakilishi limepata wapenzi zaidi Kenya. Kigoma ukilisema utatazamwa.) Lakini hoja kwamba neno la Kiingereza "linajulikana na wote" haisimami ufukweni mwa Tanganyika. Kijana aliyezaliwa Uvira au Baraka na kusoma kwa Kifaransa, kisha akakulia katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, hana Kiingereza cha kuegemea. Ana Kiswahili. Kwake "wasilisha" ni neno la nyumbani, na lile la Kiingereza ni kelele tu.

Sasa niingie katika neno lenye uzito zaidi, nalo ni huria. Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, lilitungwa jina la maandiko ya elimu ambayo mwenye haki ya kunakili ameyaachia yatumike, yanakiliwe, yabadilishwe na kusambazwa bila malipo na bila kuombwa ruhusa kila mara. Mwaka 2019 shirika hilo likapitisha pendekezo rasmi juu yake. Tuyaiteje? Nimeona majina matatu: maandiko ya bure, maandiko ya wazi, na nyenzo huria za elimu.

Bure halifai. Latueleza bei tu, na hapa bei ndiyo sehemu ndogo ya jambo. Isitoshe, katika Kiswahili bure huzaa dharau: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba kitabu ni cha bure, nusu yao watadhani hakina thamani. Wazi ni bora, lakini kitu kilicho wazi huonekana na wote bila ya kuguswa na wote. Dirisha la duka li wazi, bidhaa zilizomo si zako. Vitabu vingi vya mtandaoni viko wazi kwa maana hiyo hasa, kwamba waweza kuvisoma, ila huna ruhusa ya kuvifasiri.

Huria lina asili moja na huru na uhuru, nalo lagusa kiini, yaani ruhusa ya kutenda. Najua kwamba tangu zama za soko huria neno hili lina ladha ya kila mtu na lwake, lakini halijaharibika kiasi cha kutupwa. Tatizo ni kwamba limekwisha kupangishwa kwingine. Katika jina la Chuo Kikuu Huria, huria ni mlango, mahali na wakati: mwanafunzi husoma akiwa kwake, na kwa mwendo wake. Haina maana kwamba halipi ada, wala kwamba kila andiko la chuo laweza kunakiliwa na kubadilishwa na yeyote. Nimewasikia watu wazima wakiliamini hilo la mwisho. Kwa hiyo nasisitiza kwamba neno leseni liandamane na huria kila tuzungumzapo maandiko: "kitabu chenye leseni huria". Mkufunzi wa Kasulu atakayekiona kitabu cha sayansi chenye maneno hayo atajua kwamba anaweza kukifasiri kwa Kiswahili, akatia mifano ya migebuka na dagaa badala ya samaki wa bahari za mbali, akakitoa tena, mradi ayatimize masharti ya leseni yenyewe, ambayo kwa kawaida huanza na kumtaja mwandishi wa kwanza. Asipolielewa neno, atakaa na kitabu hicho akiogopa sheria, au atavunja sheria kwa kitabu kisichokuwa huria. Nimeyaona yote mawili.

Juu ya mkongo nitasema machache. Ndilo jina rasmi la waya mkuu wa mawasiliano, Mkongo wa Taifa. Neno limekubalika nchini, na sina nia ya kulipinga, ingawa Kigoma huleta kicheko, kwa kuwa Mkongo wa huko ni mtu aliyevuka ziwa. "Mkongo umekatika" ni habari ya kutisha kidogo kwa asiyezoea.

Limebaki neno moja ambalo sijaridhika nalo. Vijiji kama Kagunga na Mwamgongo upande wa kaskazini, au Kalya upande wa kusini, vimezoea safari za mitumbwi na boti. Mwanafunzi wa huko hufika mjini, hununua bando (kifurushi ni neno la matangazo, bando ni la watu), hupakua masomo ya majuma kadhaa, kisha hurudi nyumbani kusoma mahali ambapo mawasiliano ni ya kubahatisha. Hali hiyo huitwa "nje ya mtandao". Sikioni mwangu maneno hayo yana harufu ya kufukuzwa, kana kwamba mwanafunzi ametolewa darasani, na hali ndiyo njia yake ya kawaida ya kusoma. "Bila mtandao" ni afadhali, kwa kuwa hueleza hali tu. Lakini gatini Kigoma nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenziwe kwamba haendi kusoma mtandaoni, bali "amebeba masomo". Kubeba ndiko hasa anakokufanya. Sijaliona neno hilo katika orodha yoyote ya istilahi za elimu ya mtandaoni, nami naliweka mbele ya wasomaji walipime.