Mali bila daftari: kuchagua hifadhi ya kumbukumbu za biashara
Sehemu ya pili: Jedwali, hifadhidata au wingu?

Wiki iliyopita niliwaachia swali wasomaji wenye duka, ghala au chama: kumbukumbu ipi ikipotea usiku huu, kesho huwezi kufungua mlango? Leo tunaingia kwenye uchaguzi wenyewe. Wengi wetu huanza kwa kuulizia bei ya kompyuta. Ningependa tuanze na maswali matatu: unahifadhi nini, nani anaandika, na kikipotea utakirudishaje?

Hapa Rubya, wilayani Muleba, swali la tatu, la kurudisha kilichopotea, lina historia ndefu kuliko kompyuta. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 470, zilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke nakala ya vitabu vya parokia, vikiwemo vya ubatizo na ndoa, kwenye ofisi ya askofu. Walioiandika kanuni ile walijua kwamba paa huungua na mchwa hula karatasi. Walitaka jina la mtoto aliyebatizwa kijijini liwepo pia mahali pengine, mbali na kijiji hicho.

Tuchukue mfano. Chama cha msingi cha kahawa hapa Muleba kina wanachama 1,000, na kila mmoja huleta kahawa ya maganda mzanini mara 20 kwa msimu. Hiyo ni mistari 20,000. Kila mstari una namba ya mwanachama, tarehe, kilo, jina la karani na kiasi kilicholipwa. Tukikadiria baiti 200 kwa mstari, msimu mzima unachukua megabaiti 4, sawa na picha moja au mbili za simu. Kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine kubwa kwa hoja kwamba kumbukumbu zako ni nyingi. Zinazojaza diski ni picha za stakabadhi na vitambulisho, na hizo zinaweza kutunzwa kando. Hesabu yenyewe ni ndogo. Uzito wake uko kwa mkulima. Kilo zake zikiandikwa vibaya, malipo huchelewa, na mwenye shida ya ada ya shule hawezi kungoja. Ndipo anapoingia kwenye butura, akauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kusikitisha.

Sasa swali la nani anaandika. Kama mwandishi ni mmoja, jedwali la Excel linatosha, na sioni sababu ya kumwongezea mwenye duka dogo gharama. Matatizo huanza mizani inapokuwa miwili na makarani wawili. Kila mmoja ana faili lake, jioni wanaunganisha kwa flashi, na faili la mwisho linafuta la kwanza bila mtu kujua. Hata mataifa makubwa yamejikwaa hapa. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuhesabu wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 kwa sababu taarifa zao zilipitishwa katika muundo wa zamani wa Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje kimya kimya.

Dawa yake ni hifadhidata. Hapa karani hashiki faili. Anapeleka ombi kwa programu inayolinda kumbukumbu zote, nayo huandika kwa zamu na kukataa kisicho sahihi, kama kilo hasi au namba ya mwanachama asiyekuwepo. Sifa yake kubwa zaidi ni muamala. Tuseme unamlipa mkulima: deni lake linapunguzwa, fedha zinatolewa, stakabadhi inaandikwa. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata nzuri hufuta hatua zilizoishia njiani na kurudi pale ilipokuwa kabla. Hutakuta deni limepungua na malipo hayaonekani. PostgreSQL na MySQL hupatikana bila kulipia leseni. Utakachogharamia ni fundi wa kuisimika na kuitunza. Kwa kompyuta moja ipo SQLite, ambayo tayari imo ndani ya simu uliyonayo mfukoni.

Kumbukumbu hizo zikae wapi? Zikikaa ofisini, karani anafanya kazi hata siku bando limeisha, lakini umebeba mwenyewe hatari ya wizi, unyevu na radi. Diski za zamani zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Zikianguka au umeme ukikatika ghafla zinaweza kuumia. Diski za SSD hazina kinachozunguka, kwa hiyo zinastahimili zaidi mtikisiko. Vyovyote iwavyo, nunua UPS, ile betri ya akiba, kabla ya kununua kompyuta ya pili. Mafundi pia watakushauri kufunga diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja. Ni ushauri mzuri dhidi ya diski kufa, lakini haukukingi na kosa la mkono: karani akifuta orodha, imefutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Zikikaa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, mwizi wa ofisini hazipati. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Chama kilichotegemea wingu peke yake kingefanya nini siku hiyo, wakulima wakiwa wamepanga foleni na magunia yao? Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Majina na namba za simu za wanachama wako ni taarifa za watu. Muulize mwenye wingu seva zake ziko nchi gani kabla ya kusaini mkataba.

Kwa chama cha mfano wetu, uamuzi wangu ni huu. Hifadhidata iwe ofisini, na kila usiku nakala yake iliyofungwa kwa neno la siri ipande kwenye wingu. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje, itunzwe kijiji kingine. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa majengo mengi Kagera, zikiwemo shule za Ihungo na Nyakato. Nakala mbili zilizo chini ya paa moja huangukiwa pamoja. Nakala hizo zidumu pia: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano.

Nawaombeni jambo moja kabla hatujakutana tena. Chukueni nakala mliyonayo, iwe ya flashi au ya wingu, muifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, kisha mtafute kilo za mwanachama mmoja wa msimu uliopita na mzilinganishe na stakabadhi yake. Zikionekana na zikilingana, mna hifadhi. Zisipoonekana, heri mmejua sasa, kabla msimu haujafunguliwa.

Wiki ijayo: nani ashike neno la siri, na nani asilishike.